Zulia la Mfalme wa Vyura

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu, ambayo ikianza kunguruma hata jirani anajua leo kuna oda. Alishonea katika chumba cha mbele. Chini ya meza ya kukatia vitambaa ndipo walipokaa wanawe wawili wakitoka shule: mkubwa, Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na mdogo, Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo na mviringo kama kitu cha kushikizwa kwenye shati.

Chiriku alikuwa na hadithi yake isiyokwisha, ya Mfalme wa Vyura. Mama aliisikia vipande vipande, maana cherehani ikinguruma hakuna lingine linalosikika.

"...jumba lake lina kuta nyeupe pe, ukizikwaruza zinatoa unga. Mlango wake ni pazia la waya, unalinyanyua hivi, unapita umeinama..."

Trrrr, ikapita cherehani.

"...na ukisema neno, ukuta unakujibu."

"Unajibu nini?" Kifungo akauliza.

"Lilelile ulilosema. Kwa mfalme hakuna ubishi."

Msusi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekuja kujaribu gauni lake. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Shoga, huyu mtoto umemlisha nini? Mume wangu tangu anioe hajawahi kunijibu upesi namna hiyo!"

"Mwache, bora anakaa na mdogo wake," mama akasema, pini zimemjaa mdomoni. "Mimi napata kufanya kazi."

Hapo ndipo mama alipopotea. Hadithi aliifuata kwa watu wake: chura kavaa taji, chura kaposa, chura kagombana na shemeji yake. Alicheka panapochekesha. Kuta, mlango, mwangwi, hayo aliyaona mapambo tu, akayaacha yapite. Nani atamwuliza mtoto jumba la chura liko wapi? Hata wewe mzazi unayesoma, sema kweli, umewahi kuuliza?

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Sketi ya shule ya Chiriku ilirudi kila jioni na unga mweupe magotini na kwenye pindo.

"Umechezea chaki yangu tena!"

"Sijaigusa, mama."

"Na huu ni nini, poda?"

Akaikung'uta mlangoni, na mambo yakaishia hapo. Nyumba ya fundi ina chaki kila pembe.

Ikaja Jumamosi moja. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima, siku hiyo zikakatika, jua likatoka. Mama alikuwa mbioni kumaliza sare nyeupe za wauguzi.

"...sasa mvua imemletea mfalme zulia," Chiriku alikuwa akisema kule chini. "La kijani, limetanda jumba zima, halina hata mkunjo. Nililiona jana. Na mfalme kasema anataka mgeni mdogo, avae gauni jipya."

"Mimi ninalo gauni jipya!"

"Ndiyo maana amekutaja wewe."

Kifungo akatoka chini ya meza, akavuta nguo ya mama. "Mama, twende kwa mfalme?"

"Nendeni, nendeni," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Msichelewe kurudi."

Ruhusa aliitoa mwenyewe, kwa mdomo wake.

Watoto walipotoka, Msusi akaingia kufuata gauni lake. Hajakaa vizuri, mkanda wa cherehani ukakatika pa! Gurudumu likazunguka bure, likasimama. Chumba kikawa kimya, kimya ambacho mama hakuwa amekisikia siku nyingi.

"Haya, leo imenigomea," alisema. "Ngoja nikuwekee alama za pindo kwa chaki."

Akafungua kopo. Akaganda.

Chaki ilikuwa ya bluu. Na ingekuwaje nyingine? Tangu mwezi uliopita alikuwa akishona zaidi nguo nyeupe, na chaki nyeupe haionekani juu ya nyeupe. Nyeupe iliisha zamani, hakununua tena.

"Shoga," alisema, "ule unga wa Chiriku si wa humu ndani."

"Unga gani?"

Akaichomoa ile sketi kwenye kapu la nguo chafu. Msusi akausugua unga kwa vidole, akaunusa. "Chokaa hii. Kaka yangu alipokuwa machimboni alirudi hivi hivi kila siku..." Akakatiza maneno.

Machimbo ya chokaa yalikwisha kufungwa. Lilibaki shimo, limezungushiwa uzio wa waya, na njia ya shule inapita ubavuni mwake.

Kuta nyeupe. Pazia la waya. Ukuta unaojibu.

"Mvua!" mama akapiga ukelele. "Shimo limejaa! Zulia ni magugu juu ya maji!"

Alitoka mbio, miguu mitupu, futi ya kupimia ikimpepea shingoni, Msusi nyuma yake na gauni ambalo halijapigwa pindo. Uzio ulikuwa umenyanyuliwa pembeni, kama pazia kweli. Akainama, waya ukamchana bega, hakuhisi. Mle ndani hamkuwa na upepo. Alikuwa mahali ambapo hajawahi kufika, na kila kitu alikifahamu.

Kifungo alisimama kwenye ukingo ndani ya gauni lake jipya, mguu mmoja umeinuliwa. Chiriku alikuwa nyuma yake, ameinama kwa heshima, anamtangaza mgeni kwa mfalme. Mbele yao zulia la kijani lilikuwa limetanda shwari.

"Kifungo!"

"...fungo! ...ngo!" ukajibu ukuta wa ng'ambo.

Mtoto akasikia mama anamwita kutoka upande wa pili wa maji. Akatabasamu. Akaenda kwa mama.

Zulia likafunguka, likammeza mpaka mabegani. Mama aliteleza kwa makalio juu ya chokaa, akanyoosha mkono, akapata kola. Ile kola aliishona mara mbili, kwa sababu Kifungo ana tabia ya kuitafuna. Mshono ukashika. Msusi akamdaka mama kiunoni, akavuta, wote wakaangukia nyuma, na mtoto akaanza kukohoa, kisha kulia. Kilio hicho kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote.

Kule chini magugu yalijifunga tena. Hata mkunjo hayakuacha.

"Mwanzo palikuwa na sakafu, mama," Chiriku alisema, meno yakimgongana. "Kabla ya mvua. Kulikuwa na vyura tu."

"Kwa nini hukuniambia kama unakuja huku?"

"Nilikuambia. Kila siku nilikuambia." Akafuta pua kwa mkono. "Na huku nikisema kitu, ninajibiwa."

Mama akamvuta kifuani. Msusi akambeba Kifungo.

Uzio ulishonwa kwa waya mpya. Cherehani ikapata mkanda mpya. Lakini Chiriku akawa bubu, anakaa chini ya meza na kumvika mdogo wake vipande vya nguo. Mama akavumilia, akashindwa.

"Nisimulie basi, mwanangu. Hata kafupi." Na mguu wake, kwa mazoea, ulikuwa unakanyaga cherehani.

Chiriku akafikiri. "Palikuwa na nyumba moja. Treni ilipita ndani yake mchana kutwa. Waliokaa humo walifungua midomo tu, hakuna aliyemsikia mwenzake."



"Nyumba hiyo iko wapi?" mama akauliza.

Chiriku aliutazama mguu wa mama.

Mama akauondoa. Gurudumu likazunguka, likazunguka, likatulia. Akasukuma kiti, akapiga magoti, akainama na mwili wake mzima, akaingia chini ya meza, katikati yao.

"Haya," akasema. "Treni imesimama. Endelea."