Karatasi ya Wapiga Kelele

Watoto mia moja na kumi na wawili katika chumba kimoja, jamani, hata ungekuwa malaika usingewanyamazisha. Na Mwalimu Liberatus hakuwa malaika. Alikuwa Mhehe wa Iringa aliyepangiwa kazi Makongolosi, wilayani Chunya, akifundisha mikondo miwili ya darasa la sita kwa wakati mmoja, na kila alipovuka kwenda Mkondo A, huku nyuma Mkondo B unawaka moto. Basi akafanya kama wafanyavyo walimu wengi: akateua kiranja, akampa karatasi na kalamu, akamwambia aandike majina ya wapiga kelele.

Alimteua Esnath kwa sababu alikuwa mpole na mwandiko wake ulisomeka. Upole huo ndio uliomponza.

Esnath alikuwa amekuja mwaka huohuo kutoka Rujewa, baada ya mama yake kufariki. Aliletwa kwa shangazi yake, Apolonia, ambaye alikuwa akipika na kuuza chakula machimboni, anatoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia hata habari za shule. Shuleni alikuwa na mmoja tu, Atuganile, binti mwenye mdomo usiopoa. Siku ya kwanza kabisa Atuganile alimsogezea nafasi kwenye dawati bila kuuliza lolote, akamfundisha mchezo wa rede, ule wa kukwepa mpira, akambandika jina la Mpunga kwa kuwa ametoka kwenye mashamba ya mpunga. Esnath alilipenda jina lile kuliko la ubatizo.

Siku alipoanza ukiranja, Atuganile alimwinamia sikioni, akamnong'oneza kuhusu kiatu cha mwalimu kilichotoboka kisigino. Esnath akacheka. Kisha akaogopa watu watasema anampendelea rafiki yake, akaandika: Atuganile. Sasa niambie wewe, mtu hunong'ona peke yake? Aliyesikiliza akacheka, jina lake liko wapi? Halipo, maana kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Adhabu ya wapiga kelele ilikuwa kubeba ndoo baada ya masomo na kwenda kisimani kuchota maji ya shule, maana huku Chunya maji ni ya kutafuta. Ni nusu saa kwenda, na kurudi na mzigo kichwani ni zaidi. Atuganile alichota bila kulalamika. Kesho yake akahamia dawati la nyuma. Hakumtukana Esnath wala kumsema kwa watu. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Na wengine nao wakafuata taratibu: Esnath akisogea kwenye rede, mchezo unakwisha, akikaa na kikombe chake cha uji, wenzake wanakumbuka wana shughuli kwingine. Mwalimu akamsifu mbele ya darasa zima kwamba utulivu wa Mkondo B ni kazi ya kiranja huyu. Masikini, alidhani anamjenga, kumbe anambomoa.

Kilichomuuma zaidi ilikuwa alasiri. Akirudi nyumbani peke yake, aliwasikia wapiga kelele wakielekea kisimani, ndoo zinagongana, vicheko vinashinda hata ngurumo za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Sauti ya Atuganile aliitambua kwa mbali. Adhabu gani inayochekwa namna ile? Kwake ilikuwa harusi, naye ndiye aliyeandika kadi zote za mwaliko, akasahau ya kwake.

Alivumilia hadi mwezi wa nane. Alhamisi moja karatasi ilikuwa tayari na majina sita, la Atuganile likiwa la kwanza kama kawaida yake. Mwalimu alipovuka kwenda Mkondo A, Esnath aliinuka, akapita katikati ya madawati hadi nyuma. Tangu Jumapili alikuwa akijipangia maneno ya kuomba radhi. Alipofika mbele ya Atuganile akayasahau yote.

"Atu," akasema kwa sauti, "jana mlikuwa mnacheka nini kule njiani?"

Atuganile akaitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa Esnath, akafumba mdomo, akarudi kwenye daftari lake. Hakuna aliyekohoa. Katika darasa zima aliyezungumza alikuwa mmoja tu.

Esnath akarudi mbele, akamwandika huyo mmoja.

Mwalimu Liberatus aliporudi aliisoma karatasi mara mbili, akasema kiranja hajiandiki, aache masihara. Esnath akashikilia kwamba amepiga kelele na darasa limemsikia. Akaongeza, machozi yakimlengalenga, kwamba hata siku ile ya kwanza alistahili kuandikwa, kwa sababu Atuganile alikuwa anaongea na yeye, na yeye alicheka. Darasa lote lilisikia. Mwalimu, asijue la kufanya, akampa ndoo.

Basi akaenda, furaha imemjaa hadi anashindwa kuificha. Walikuwa saba. Alitembea nyuma kidogo ya Atuganile, akisubiri vicheko vianze. Walipolipita duka la mwisho, Lusekelo, ambaye kwa kuiga watu hana mpinzani, akaanza kuigiza mwendo wa mwalimu na kile kiatu chake. Mmoja akaguna kwa kicheko. Atuganile akageuka, akawaambia bila hasira yoyote, kama mtu anayemwonya mwenzake kwamba mbele kuna shimo:

"Nyamazeni. Kiranja yupo."

Lusekelo akaacha kuigiza. Esnath alitaka kusema kwamba kalamu ameiacha darasani, kwamba hata ukiranja yuko tayari kuurudisha, ila akaipandisha ndoo kichwani, akaendelea kuwafuata. Aliumia kuliko siku zote alizorudi nyumbani peke yake, maana leo alikuwa nao. Wakatembea hivyo hadi kisimani, watoto saba na ndoo saba, na hakuna aliyecheka.