Wino Mbichi wa Enid Pascoe

Mashuka mawili na mashati matatu yaliyoanikwa nyuma ya nyumba ya Enid Pascoe, mjini Adelaide, hayajakauka tangu Machi 1957. Januari upepo wa moto hutoka jangwani na kugeuza majani ya mtaa mzima kuwa makapi, lakini pale kwa Enid nguo hudondosha maji tu. Jirani yake Coral humwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Shoga, lete nguo zako huku! Merv wako atakwenda kazini amelowa chapachapa mpaka lini?"

Naye Coral akisafiri humwachia Enid maua yake, maana kwa Enid hayahitaji kumwagiliwa maji.

Enid alikuwa mkemia. Kwa miaka sita alitandaza juu ya sinia la maji utando wenye unene wa molekuli moja, ili maji ya mabwawa ya nchi ile kame yasigeuke mvuke na kupaa mbinguni yote. Mlinganyo unaoeleza tabia ya utando huo aliupata yeye. Akaolewa Jumamosi, na Jumatatu akakabidhi funguo, kwa kuwa mke wa mtu hakuruhusiwa kazi ya kudumu serikalini. Mkuu wake, Lindsay Rumbold, akaichapisha kazi ile kwa jina moja, la kwake. Tangu Jumatatu hiyo maji hayakauki alipo Enid. Merv alisema kila kazi huacha alama zake, akanunua kabati la pili la taulo.

Aliitamani kazi ile kama mjamzito anavyotamani udongo. Alilitamani sinia. Aliitamani chai ya saa nne na nusu, Lindsay akimwambia, "Umekosea," naye akijibu, "Hesabu tena, bwana mkubwa."

Kila Alhamisi alikwenda maktaba kusoma majarida. Mlinganyo ulikuwa umekua na kutembea: ulikuwa kwenye mabwawa ya Pune, ulikuwa kwenye mapafu ya watoto njiti huko Toronto. Enid alisahihisha makosa pembeni kwa penseli. Siku moja alisoma maneno ya mtafiti mmoja: "Rumbold ametufungulia njia sote." Alilia palepale mezani. Machozi yalikaa shavuni mpaka Jumapili.

Mwaka 1974 aliposikia kitabu cha Lindsay juu ya mlinganyo huo kitachapwa upya, alipanda basi hadi kwenye taasisi aliyokuwa akifanyia kazi.

"Nataka jina langu," alimwambia Lindsay.

"Ni haki yako, Enid. Nimekuwa nikisema hivyo miaka yote."

"Ukimwambia nani?"

"Moyoni."

Karani, bibi mmoja aitwaye Thelma, akaleta fomu. Jina kamili, wino mweusi, mkono wa mwenyewe. Enid aliandika taratibu, herufi moja moja.

Thelma aliiinua fomu kwenye mwanga. "Mbichi hii, mama. Mbichi haiendi kwa mpiga chapa, itachafua zenzake."

"Itabaki hivyo hivyo."

"Basi tutaingoja. Subira huvuta heri."

Lindsay aliiweka dirishani, penye jua kali, akamsindikiza Enid hadi kituoni. Njia nzima walibishana juu ya chumvi na utando, na hiyo ikawa saa tamu kuliko zote alizopata Enid kwa miaka kumi na saba.

Kila Januari, kabla kitabu hakijaenda kuchapwa tena, Lindsay huigusa fomu kwa kidole aone kama imekauka. Hufuta wino ulioganda kidoleni kwa leso, kisha hupiga simu.

"Bado mbichi, Enid."

"Usiiguse, Lindsay."

"Nisipoigusa nitajuaje?"

Kitabu kimeshatoka mara nne. Katika jina la Enid Pascoe zimebaki herufi tatu za mwisho, nazo zinang'aa kama zimeandikwa asubuhi hii.