Msusi Aliyepigiwa Simu za Serikali

Simu ya kwanza iliingia msusi akiwa ameshika nywele za mteja kwa mikono yote miwili, kitana kakiuma kwa meno.

"Wifi, nipokelee hiyo," alisema kwa shida.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyefungua naye saluni ile, na tangu azaliwe hajawahi kuongea kwa sauti ya chini. Akabonyeza spika ili kila mtu asikie.

"Hapo ni serikalini?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Ndiyo, tena penyewe," wifi akajibu bila kupepesa macho. "Tukusaidie nini?"

Wateja wakaziba midomo kwa taulo. Mwanamume akataka kujua kama ni kweli soko linahamishwa, maana mke wake alikuwa ameshaanza kufunga mizigo na nyumbani hakukaliki.

"Mwambie afungue mizigo," wifi akaamua. "Soko haliendi popote."

Simu ilipokatika, saluni nzima ililipuka kwa kicheko. Lakini hawajafuta hata machozi, ikaita nyingine. Huyu alitaka kujua nani hufunga choo cha stendi, na funguo huwa anakwenda nazo wapi. Kisha akapiga mama mwenye hasira za taa ya barabarani inayowaka mchana na kulala usiku. Wifi akashindwa kuvumilia. Alitoka nje na rola kichwani kutafuta chanzo, akarudi anahema.

"Wifi yangu, umepandishwa cheo! Ukutani pale posta pana bango kubwa. Limeandikwa: Ni haki yako kujua, uliza chochote kuhusu kazi za baraza la mji. Na namba iliyopo ni ya kwako!"

"Yangu kivipi?"

"Karani wa posta anasema mchapaji kageuza tarakimu mbili za mwisho. Serikali ni wewe."

Asubuhi ile hakuna nywele zilizosukwa zikanyooka. Wifi alijibu kila swali kwa kujiamini kuliko waziri. Msusi naye alicheka hadi mbavu zikamuuma, ingawa ndani kwa ndani jambo lilimkereketa. Watu hawa walikuwa wanashukuru. Walikuwa wanakata simu wakiamini wamefika.

Ndipo akapiga bibi mmoja, sauti yake nyembamba na ya adabu.

"Mwanangu, lile bomba mlilotuchimbia mtaa wa chini limekamilika kitambo. Koki ya uani kwangu inang'aa, kila asubuhi naifuta vumbi. Sasa, maji mtafungua lini? Nauliza tu, sigombi."

Wifi akafungua mdomo, msusi akamnyang'anya simu. Mtaa wa chini ulikuwa ndio huo huo wao. Pale saluni pia palikuwa na koki mpya kavu juu ya sinki, na kila kichwa walichoosha kilioshwa kwa kikombe na ndoo iliyobebwa kutoka mbali.

"Sijui, bibi," alisema. "Lakini naenda kuuliza sasa hivi."

Akavua aproni, akamwachia wifi vichwa vyote, akashika njia.

Katika jengo la baraza, mlinzi alimwelekeza mlango wa mwisho wa ukumbi. Ndani alimkuta afisa wa taarifa, bwana mwembamba mwenye miwani, akisugua meza ambayo tayari ilikuwa inang'aa kama kioo. Simu ya mezani ilifunikwa kitambaa cha kufuma.

"Samahani, kaka. Nimeleta maswali ya wananchi."

Afisa alisimama kwa kasi hadi kiti kikaanguka. "Ya wananchi? Wananchi wenyewe, wa kweli?"

"Wa kweli kabisa. Mmoja ana hasira sana."

"Ana hasira!" Afisa akashika kifua kwa furaha. "Kaa, dada yangu, kaa! Tangu niteuliwe sijaulizwa kitu. Nilifikiri simu ni mbovu, nikamwomba mke wangu anipigie. Ikaita vizuri tu. Akaniuliza nile nini jioni. Basi, hilo ndilo swali pekee nililowahi kupata humu ofisini."

Msusi akamweleza habari ya namba. Afisa akageuka kulitazama bango lililobandikwa nyuma ya kiti chake mwenyewe, akasoma tarakimu kwa kidole, akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, mpaka akavua miwani. Msusi akaambukizwa. Wakabaki wanacheka kama watoto walioachiwa nyumba.

Kisha kazi ikaanza. Soko halihami, bali linaezekwa upya. ("Kumbe wifi alipatia!") Funguo za choo ziko kwa msimamizi wa stendi, ataagizwa leo hii. Taa, atauliza. Walipofika kwenye maji, afisa akakaza tai.

"Hilo ni la mhandisi. Twende wote."

Mhandisi wa maji, mtu mzito wa mwili na wa maneno, alikuwa anachovya biskuti kwenye chai.

"Maji ya mtaa wa chini yako tayari?" afisa akauliza.

"Yako tayari."

"Mbona hayafunguliwi?"

"Mheshimiwa atakayekata utepe hajapanga siku."

"Vizuri sana. Mwananchi ana haki ya jibu la maandishi. Andika hivyo hivyo ulivyosema: bibi hapati maji kwa sababu ya utepe. Halafu weka sahihi yako."

Mhandisi alichukua kalamu, akaandika "Maji", akaishia hapo. Biskuti ikakatikia ndani ya chai, hakuiona.

"Huyo bibi," alisema taratibu, "karatasi hii atawaonyesha watu?"

"Ataitembeza nyumba kwa nyumba," msusi akajibu.

"Na redioni," afisa akaongeza kwa upole.

Kalamu ikawekwa chini. Mhandisi akajizoazoa, akachukua funguo ukutani. "Mwambieni jibu ni leo."

Msusi hakumbuki alivyotoka mle. Alijikuta barabarani, viatu mkononi, anakimbia huku anacheka peke yake, watu wakimpisha. Alipoingia saluni, wifi alikuwa amempaka mteja sabuni kichwa kizima, na ndoo ni tupu.

"Ulikuwa wapi? Huyu ataondoka hapa na povu!"

Kabla msusi hajapata pumzi ya kujibu, ukuta ulinguruma. Koki ikakohoa, ikatema maji ya kahawia, ikapiga chafya mara kadhaa, kisha ikamwaga maji meupe, mengi, yakiruka hadi kwenye vioo. Wifi alipiga yowe lililosikika mitaa yote. Mteja akachomeka kichwa chini ya koki kwa furaha, mwingine akatoka mbio na nywele zilizosukwa nusu kwenda kuangalia kwao. Nje, milango ilikuwa inafunguka na vifijo vinajibizana.

Msusi, amelowa chapachapa, akatafuta namba ya bibi na kumpigia. Iliita muda mrefu.

"Bibi, ni mimi, wa kule serikalini. Nina jibu lako."

Kule upande wa pili maji yalikuwa yanamiminika kwa kishindo.

"Jamani, na nyie serikali!" bibi akapaza sauti. "Leo mna haraka gani? Pigeni baadaye, naoga!"