Mashine ya Gemu ya Mzee Kasmiri

Mama Mwanaupe alipotoka Bunda kumfuata Luqmani, fundi redio, kwenye karakana yake pale Musoma, hakumletea redio. Alimletea bodi ya mashine ya gemu, ameifunga kwa kanga. Marehemu mumewe, Mzee Kasmiri, aliwahi kuwa na banda la gemu karibu na stendi ya Bunda, miaka ya tisini. Luqmani alipofungua ile kanga alijiona tena amevaa kaptula ya shule, amebanana na wenzake mbele ya kioo chenye ndege za kivita.

"Nataka niisikie tena, mwanangu," mama alisema. "Nyumba imekuwa kimya mno."

Luqmani aliipima kwa mita. Umeme ulifika vizuri, lakini bodi haikuamka, na mita haikuweza kumwambia chipu ipi imenyamaza. Akampigia Baltazari, fundi umeme wa Buhemba, aliyekuwa akitoroka naye shule kwenda kucheza. Baltazari akaja na osiloskopu kubwa, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, pamoja na kalamu ya kupimia inayolia ikigusa mguu wa chipu unaofanya kazi.

"Chukua osiloskopu," Baltazari alisema. "Utaliona wimbi zima."

"Nikigeuka kutazama kioo, mkono utateleza. Miguu yenyewe imesongamana. Nikigusanisha miwili, nimeua kitu. Bora nisikilize, macho yabaki kwenye bodi."

Baltazari alicheka. "Hata zamani ulikuwaga unacheza kwa masikio."

Basi wakashika kalamu. Ililia chipu baada ya chipu, mpaka ilipofika moja ndogo pembeni: mapigo ya umeme yaliingia kwa mguu mmoja, hayakutoka kwa mwingine. Wakaing'oa, wakaweka nyingine kama hiyo kutoka kwenye bodi chakavu, kisha wakaenda Bunda kuirudisha bodi kwenye kabati la mashine.

Muziki ulipolia, Mama Mwanaupe alijishika mdomo. Luqmani akamsogezea kiti.

"Mimi? Nilikuwaga nauza tokeni za kuchezea tu. Sijawahi kucheza hata siku moja."

"Basi leo cheza, mama."

Akakaa. Ndege yake ililipuliwa hata kabla hajajua ni ipi. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe hiki ndicho mlichokuwaga mnatorokea shule! Haya, nionyesheni, cha kupigia risasi ni kipi?"