Kapo katika Jengo la Gerbini

Siku ile upepo uitwao bora, unaoangusha watu barabarani huko Trieste, mji wa bandari wa Italia, ulikuwa umetulia kidogo, lakini Jolanda bado alimshika wifi yake mkono kama anayempeleka mtoto shule. Mlangoni pa Jengo la Gerbini akamkumbusha tena.

"Ukimwona bosi wa hoteli, mwambie tu. Kuomba si kuiba."

"Nitamwambia," Nerina akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama amefunga gesi.

Alichokuja kuomba ni chumba kimoja tu. Alizaliwa humo, ghorofa ya juu kabisa, baba yake akiwa bawabu. Akaolewa na Livio, kaka yake Jolanda, naye Livio akarithi ubawabu wa mkwewe mpaka alipofia humo humo. Chini yao mambo yalibadilika yapendavyo: mawakala wa meli waliwapisha wafanyabiashara wa kahawa, hao wakawapisha madaktari wa meno, na mwisho wakaja watu wa Milano na hoteli yao. Aprili walimtoa. Nerina alifunga sufuria zake, akashuka ngazi, asisikie uchungu wowote. Tangu hapo anaishi kwa Jolanda, anakula anachowekewa, halii wala halalamiki. Moyo umekufa ganzi. Jolanda angefurahi hata kama wifi yake angerusha sahani.

Ndani, pale wafanyabiashara walipokuwa wakionja kahawa na kuitema, sasa palikuwa na makochi. Ukutani yalining'inia magunia mapya ambayo hayajawahi kuonana na punje moja ya kahawa. Jolanda akalibonyeza moja.

"Pamba tupu! Wametundika mito ukutani, wanasema ni historia."

Nerina akaitazama sakafu ya marumaru ambayo Livio alikuwa akiipiga deki kila alfajiri. Alijua kwamba inafaa imuume. Alijua tu, kama mtu anavyojua kuwa leo ni Alhamisi.

Mhudumu akaja, kijana mwenye lafudhi ya mbali.

"Mimi maji," Jolanda akasema. "Kahawa ya bei hii itanipandisha presha."

"Mimi nipe kapo," akasema Nerina.

Kijana akasita. "Kapo, mama? Una uhakika?"

"Kapo, mwanangu. Na upesi, nina mazungumzo."

Kijana akaiva uso, akaondoka mbio. Sasa, kapo kwa watu wa Trieste ni kahawa ya kikombe kidogo yenye povu la maziwa juu. Wanaijua hivyo tangu utotoni, wala hawana habari kwamba Waitalia wengine wote wakisikia kapo wanaelewa kuwa ni bosi. Ndiyo maana badala ya kikombe akatokea mwanamume mwenye suti, uso umemparama kwa wasiwasi.

"Samahani mama, mimi ni Ferrante, meneja. Nimeambiwa unanitaka, na upesi. Kijana amekukosea?"

Jolanda alicheka mpaka akapaliwa. "Kaagiza kahawa, kaletewa mwanamume! Haya wifi, mnywe kabla hajapoa!"

Nerina hakucheka. Maneno yalimtoka vile vile alivyoagiza kahawa.

"Nataka kurudi kwangu. Ghorofa ya tano, chumba cha pembeni kinachotazama gati. Nitafua mashuka, nitafagia, chochote mtakachonipa."

Ferrante akavuta kiti, akaketi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Alieleza polepole kwamba ghorofa yote ya tano sasa ni vyumba vya wageni, kwamba kampuni haiwezi kumweka mtu wa kudumu, kwamba ameshawahi kuwauliza wakubwa wake kwa ajili ya watu wengine na wakakataa. Kisha uso ukamng'aa.

"Lakini hili liko mikononi mwangu. Chumba chako kiko wazi. Lala humo usiku mmoja, mama, bure kabisa."

"Kubali!" Jolanda akamsukuma kwa kiwiko. "Usiku mmoja si haba."

"Na asubuhi?" Nerina akauliza.

"Asubuhi unapata kahawa yako, hiyo kapo nitawafundisha mwenyewe. Halafu saa tano unarudisha ufunguo mapokezi. Ni utaratibu tu, kwa wageni wote."

Chini ya mbavu za Nerina kitu kilianza kumchoma, kama mguu uliokaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili aliumia, na aliumia hasa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nilipotoka mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara hii nitasikia."

Akasimama, akaanza kuvaa koti, na machozi yakamjaa kabla hajaupata mkono wa koti.