Miguu ya Kitwitwi

Mtaalamu tuliyempachika jina la Bwana Ndege alichungulia kwenye darubini yake.

"Miguu myeusi. Kitwitwi wa kawaida, dada. Yule wa nadra ana miguu ya njano."

"Hebu tazama tena, kaka yangu!"

"Nimetazama sana. Kesho malori yanaleta kifusi cha kufukia bwawa."

Nilikatika maini. Bwawa hilo liko nyuma ya nyumba yetu na ndilo linalopokea maji ya mvua ya mtaa mzima. Likifukiwa, maji yatahamia chumbani kwa mama, naye hawezi hata kusimama. Sheria ilitupa nafasi moja tu: aonekane hapo, mzima, yule ndege wa nadra anayehama kutoka mbali. Mama keshafungasha nguo zake begini palepale kitandani. Sasa mimi fundi cherehani nishindwe kumpaka ndege miguu rangi ya njano? Thubutu!

Nikashusha pazia jepesi la sebuleni, nikalishona likawa wavu.

"Makubwa!" mama akacheka. "Wanaume wamekushinda kutega, umehamia kwa ndege?"

Nilimtegea yule kitwitwi jioni, matopeni anapokula. Alfajiri nikamkuta, uzi wangu umemkaba shingo. Nilimnasua huku namsihi, "Amka, baba, amka." Wapi! Kichwa kililegea mkononi mwangu.

Nikampeleka jikoni, nikamwosha kwenye beseni. Tope jeusi likatoka, likatoka, na chini yake nikaona miguu ya njano. Jamani! Njano kabisa, isiyo na ubishi. Siku zote hizo tulikuwa tunatazama tope.

Nikapiga picha ya ile miguu tu, nikamtumia Bwana Ndege. Simu ikaita hapohapo.

"Ndiye!" alipiga kelele. "Dada, nisamehe, nilikosea! Nakuja sasa hivi nimwone akitembea, kisha nawasimamisha wale wa malori. Wako wangapi hapo?"

Nilimtazama pale kwenye beseni. Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea bwawani.

"Alikuwa mmoja," nikasema.

Nikaanza kulia, sikujali kama Bwana Ndege ananisikia.

"Mwanangu," mama akaita kutoka chumbani, sauti imechangamka, "nimesikia ndiye! Nguo zangu nizitoe begini?"

"Ziache tu, mama."