Likizo ya Get

Jumamosi moja ya mwaka 2009, Clementina alikuwa jikoni huko Ganshoren, Brussels, akikanda unga wa maandazi, huku pasi inapata moto na mtoto wa nyumba hiyo analilia viatu, Get alipoingia kutoka sebuleni. Ni kile kitenzi cha Kiingereza, kifupi, kimetota jasho. Akakalia kreti la soda.

"Dada, nipe maji. Nimechoka mie, basi tu!"

Clementina akampa. Mtumishi huyu wa ndani alikuwa ameletwa kutoka Moshi na Bwana Samson, ofisa wa ubalozi, na mkewe, Mama Brightness. Nyumba nzima ilimwita dada.

"Huyu bwana akipokea barua, mimi," Get alisema. "Akifika nyumbani, mimi. Akinunua mkate, akikasirika, akipona mafua, mimi! Vitenzi wenzangu wamejaa kichwani mwake wanakoroma."

"Pole," Clementina alisema, akageuza pasi. Yeye alipika, akafua, akalea, akamsuka Mama Brightness, na tangu aje hajaonja Jumapili ya kwake. Ila kesho aliahidiwa. Angemsimamia ubatizo mtoto wa rafiki yake Mkongo, Mwadi, kule Molenbeek, na gauni la mtoto alilishona mwenyewe.

Get akaenda kujitupa kitandani kwa Clementina. Sebuleni, Kiingereza cha Bwana Samson kikakatika katikati ya simu. Akaja kutafuta.

"Kumbe umelala huku," alisema.

Get akamweleza yote. Bwana Samson akaketi ukingoni mwa kitanda, uso umemwiva kwa huruma.

"Kweli tumemtumikisha. Mmoja, kazi zote hizo! Kesho apumzike."

"Dada atabaki amhudumie," mkewe alisema kutoka mlangoni, Clementina nyuma yake.

"Mama, kesho si ndiyo ubatizo? Mliniahidi."

"Jamani, dada nawe! Huoni mwenzio alivyochoka?"

Khaa! Alimwona sana tu. Akarudi jikoni, akaubamiza unga mezani. Akampigia Mwadi kumwambia hatafika.

"Bon, ya Clementina, padri hawezi kungoja," Mwadi alisema kwa unyonge. "Donc mwenzetu Thérèse njo atabeba mutoto."

Jumapili kengele za kanisa zikalia. Gauni jeupe lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, limepigwa pasi. Mama Brightness aliita "Dada!" kutoka juu, Bwana Samson akaita kutoka sebuleni. Kitandani, Get akajigeuza, akajifunika vizuri, akaomba chai ya tangawizi.

Clementina akamuuliza anaweka sukari vijiko vingapi.